Shahada Mbili na Kisima cha Ansab

Assalaam alaykum mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni. Mungu akulipeni kheri kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze kwa kuwa watoto wetu wanajiandaa kwenda kusoma nje, na miye nimerudi Maskati mwaka huu wa sabini nikiwa na shahada mbili za uhandisi. Watu wananipa mkono wa hongera. Nnashukuru, lakini nnataka mjue nilivyozipata. Nilikaribia kuzikosa zote mbili, na kubwa zaidi, nilikaribia kuua watu.

Mwaka wa sitini na nne nilikuwa mwanafunzi Misri mambo yalipoharibika Unguja. Sikuweza kurudi. Mama na dada zangu walipanda meli wakaja huku, jamaa wakawapokea kijijini Ansab. Baba alibaki nyuma. Miye nikapata nafasi ya kusoma Ulaya, nchi ya baridi ambayo hata salamu yao nilikuwa siijui. Mwaka mzima nilijifunza lugha tu.

Chuo chenyewe kilikuwa na utaratibu wa kuunganisha shahada ya kwanza na ya pili. Unasoma miaka mitano mfululizo, unatoka nazo zote. Lakini mwaka wa tatu kuna mitihani mizito. Ukianguka hapo, unatolewa kwenye mpango ule, unamaliza na ile ya kwanza peke yake.

Barua zetu zilipitia kwa mjomba wangu Kuwait. Katikati ya mwaka huo wa tatu ikaja yake yenye khabari, kwangu na kwa mama, kwamba baba amefariki Unguja. Alikuwa ameshazikwa tangu miezi minne nyuma. Miezi minne, ndugu zangu, nilikuwa nikimuombea afya marehemu! Wiki ile ile tulikuwa na mtihani wa mekanika, mmoja wa ile mizito. Niliandika jina langu juu ya karatasi, kisha nikakaa nikiitazama mpaka wakaja kuichukua.

Nikafeli, nikatolewa kwenye mpango. Tulikaa chumba kimoja na Msudani, mtu mpole sana. Akaniambia, "Ya akhi, ndugu yangu, shahada moja si aibu. Inuka twende darasani."

Nikamwambia, "Niache."

Sikwenda siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Nikapata kazi ya kufua mashuka hospitali. Na mama nikamwandikia kwamba nimefaulu na walimu wananisifu. Nakwambieni kweli, uongo ule nilikuwa nikiuandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika mtihani. Naye masikini, barua zangu alikuwa akiwasomea majirani.

Basi siku moja ikaja barua yake. Mama anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wake mzuri kunishinda. Aliandika hivi: "Mwanangu, mashine ya dizeli ya kisima chetu inanguruma lakini maji hayapandi. Fundi wa mjini Matrah kaja mara mbili, kashindwa. Maji ya kisima yameshuka sana mwaka huu na mitende inakauka. Watu wananambia, si una mwana muhandisi? Tuambie tufanye nini. Tunakungoja wewe."

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu niliyekuwa nikimwandika kwenye zile barua alikuwa anajua kila kitu! Nikachukua karatasi nikaandika: "Maji yako mbali na mashine. Jengeni jukwaa ndani ya kisima, shusheni mashine yote chini." Nikaikunja, nikaandika anwani.

Posta ilikuwa jirani na chuo. Kufika mlangoni pake nikageuka. Nikaona kwanza nimuulize mwalimu wetu wa pampu, mzee mmoja mkali. Nilimkuta karakana, mikono imejaa mafuta. Nikamfasiria barua yangu.

Akauliza, "Na injini nayo ishuke?"

"Yote, mwalimu."

Akafuta mikono taratibu. "Injini ya dizeli ndani ya shimo. Moshi utatoka wapi? Atakayeshuka kuizima hatapanda tena. Na atakayemfuata kumwokoa, naye pia."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nikawaona wajomba zangu wa Ansab, mmoja mmoja, wakishuka ndani ya kile kisima kwa sababu mimi nimesema. Nikalia, mtu mzima. Nikamweleza yote: baba, mtihani, mashuka, uongo.

Hakunikemea. Akanichorea: pampu peke yake ishuke karibu na maji, injini ibaki juu, mkanda mrefu uziunganishe. Kisha akasema, "Mchoro huu mpelekee mama yako. Na ukweli mpelekee pia. Kesho asubuhi nataka kukuona hapa."

Nikatuma karatasi mbili. Majibu yalichukua wiki saba, na nilikonda kwa khofu. Mama aliandika: "Karatasi ya mchoro nimewapa wanaume. Maji yametoka, tumepika halua. Karatasi ya pili nimeisoma peke yangu. Nimelia tena kwa ajili ya baba yako na kwa ajili yako, umebeba msiba peke yako ugenini. Sasa soma, mwanangu. Ukipata shahada moja, ukipata mbili, ni mwanangu."

Yule mzee akaniombea kwa wakuu wa chuo nirudie mitihani. Msudani akanipa madaftari yake yote, akawa ananisomesha kila alasiri kama mdogo wake. Nikafaulu, nikarudishwa kwenye mpango, na mwaka huu nimemaliza pamoja na wenzangu.

Basi shukrani zangu ni kwa Mola, kisha kwa mwalimu yule asiye wa dini yangu wala lugha yangu, kwa Msudani, na kwa mama, aliyeko nyuma ya pazia hilo na ambaye najua sasa hivi ananiombea nisiseme sana.

Vijana, huko mwendako mtaanguka. Mkianguka, andikeni nyumbani siku ile ile. Na neno "sijui" lisiwakwame kooni, maana kazi yetu hii ikikosewa, anayeumia ni mtu mwingine.

Kuanzia Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, nitakuwa hapa hapa nafundisha hesabu, wavulana na wasichana. Msiniletee karatasi mlizofaulu. Nileteeni zile mlizozificha.