Nesi Luciana na Kichupa cha Watu Watano

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Luciana Msengi, Muuguzi Mkunga, atafunga mlango wa chumba cha chanjo cha zahanati yetu na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi. Yote ameitumikia hapa hapa, nje kidogo ya Kinampanda, jambo ambalo sisi watumishi wa siku hizi, tunaoomba uhamisho kabla hatujafungua mabegi, tunashindwa kulielewa. Mimi Kefa, tabibu wa zahanati, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Umenitoa jasho, na nitaeleza kwa nini.

Alizaliwa Mwankoko, akasomea uuguzi, na mwaka 1992 akashushwa hapa kutoka kwenye lori la alizeti, akiwa na sanduku la bati na godoro. Hakujua neno hata moja la Kinyiramba. Akina mama walimcheka alipowasalimia kwa Kinyaturu cha kwao, naye akawacheka walivyomjibu, na kabla ya msimu wa pili wa mvua alikuwa anabishana nao kwa lugha yao. Tangu hapo hajaacha. Bi. Luciana anapenda ubishi kama wengine tunavyopenda chai.

Ubishi ndio uliokuwa utaratibu wake wa kazi. Nje ya chumba chake kuna benchi la saruji, na mtu mwenye wasiwasi na sindano hakuchomwa kabla ya kukaa pale. Angesema yote aliyoyasikia na anayoyaamini, Bi. Luciana angekaa naye kumjibu, mpaka mwenyewe ainuke na kusema haya, twende. Waganga wafawidhi, yaani wakuu wa zahanati, waliotangulia walijaribu kumharakisha wakashindwa, nami nikafuata njia yao. Ni kwenye benchi hilo hilo alikowabana viongozi wa kijiji hadi wakajenga chumba cha wajawazito wanaotoka mbali kusubiria siku zao. Watoto aliowapokea wakizaliwa sasa wanakuja kubishana naye kuhusu watoto wao.

Kwenye friji la chanjo hakuwa na mzaha. Nilipokuwa mgeni, siku moja ya jua kali, nilificha humo soda yangu. Niliporudi niliikuta inapita mkono kwa mkono kwa akina mama wa kliniki, na aliyewagawia akanitazama kama mwizi wa kuku. Sikuthubutu kuidai.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitoa jasho. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilikuwa tamu mwanzo hadi mwisho. Bi. Luciana aliisoma, akavua miwani, akasema kama mzee Gabrieli hayumo, basi huo si wasifu wake na tutafute mwingine wa kumuaga. Nilimbishia siku kadhaa. Nilishindwa kama kawaida, kwa hiyo mzee Gabrieli yumo.

Mzee huyo alikuwa mchuuzi wa kuku wa kienyeji. Alizunguka vijijini kuwanunua, akawapakia kwenye matenga nyuma ya baiskeli, na kuwauza kwenye gulio letu la Ijumaa. Korona ilipoingia mwaka 2020 na shule zikafungwa, kijiji kiliitisha mkutano kuamua kuhusu gulio. Hakuna aliyetuagiza kulifunga, tulijadili wenyewe. Bi. Luciana alisimama akaomba lisitishwe kwa muda, watu wasirundikane. Alieleza vizuri na watu walimwamini. Ndipo mzee Gabrieli aliponyoosha mkono. Alikubali kwamba ugonjwa upo, kisha akasema, "Lakini nesi, mshahara wako utakuja gulio likiwepo na lisipokuwepo. Kuku wangu wanakula kila siku. Mkifunga, nani atanisaidia kuwalisha?"

Hakuna aliyemjibu, na gulio likafungwa. Mzee aliwauza baadhi ya kuku kwa bei ya kutupa kwa vijana wa pikipiki kutoka mjini, na waliobaki wakaingiwa na kideri, ule ugonjwa wa kuku, wakafa matengani. Gulio lilipofunguliwa tena watu waliendelea na mambo yao. Bi. Luciana hakuendelea. Alituambia kwamba alichokiomba kilikuwa sahihi, ila gharama yake alimwachia mtu mwingine, na kwamba siku ile angalau angesema sisi wenye mishahara tuchangie pumba za kuku wake. Tulicheka, tukidhani anatania.

Chanjo ya Korona ilipotufikia mwaka uliofuata, benchi lilijaa. Kulikuwa na waliosema watakaochanjwa hawatamaliza miaka miwili, na waliosema wanaume wataishiwa nguvu. Wengine walitaka tu kujua kwa nini kitu kizuri hivyo kinagawiwa bure. Wazee wa kanisa na wazee wa msikiti walikutana pale wakabishana kuliko walivyowahi kubishana kuhusu dini. Kinara wao wote alikuwa mzee Gabrieli. Bi. Luciana alimwamkia shikamoo, akamwekea chai, wakaanza. Mzee hakuogopa kwamba sindano ni sumu. Aliuliza akichomwa halafu akashikwa na homa, siku asizoweza kupanda baiskeli, kuku watalishwa na nani.

Safari hii nesi alikuwa na jibu. "Nitawalisha mimi, mzee wangu. Walete hapa zahanati." Nilipinga kwa nguvu zote, maana najua kuku wanavyochafua. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka.

Jumanne moja alikuja na mkewe, Mama Leonard, akiwa amevaa shati lake la kanisani. Alisema amekubali, wachanjwe wote wawili. Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Kichupa cha chanjo ile kilikuwa cha watu watano, na kikishafunguliwa, kilichobaki siku hiyo kinamwagwa. Vichupa vilikuwa vichache, na kila kilichomwagwa tulikitolea maelezo wilayani. Kwa hiyo tulifanya kama tulivyozoea miaka yote kwa chanjo ya surua, tukasubiri watu watimie. Siku ile walikuwa wao wawili tu. Bi. Luciana aliwaomba radhi, akawaambia warudi Ijumaa, siku ya gulio, watu watakuwa wengi. Mzee alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Aliukunjua taratibu, akasema kwa upole kwamba amebembelezwa mwezi mzima, na leo alipokuja anarudishwa.

Ijumaa hakuja. Bi. Luciana alimfuata gulioni, akamkuta na wateja, akaambiwa wiki ijayo. Alimfuata nyumbani, akaambiwa amekwenda kutafuta kuku. Miezi kadhaa baadaye mzee Gabrieli aliugua, pumzi ikambana, akafariki dunia. Kama chanjo ingemwokoa, mimi tabibu sijui, na hakuna atakayejua.

Nilimtetea Bi. Luciana wakati ule na bado namtetea. Alifuata utaratibu, na dozi alizozitunza zilipata watu wengine. Yeye hanikatalii. Ananiambia tu kwamba gulio lilipofungwa, aliyebeba mzigo ni mzee Gabrieli, na kichupa kilipotunzwa, aliyebeba ni yeye tena. "Mara zote mbili niliyeongea ni mimi, Kefa, na aliyeumia ni yeye." Katika miaka yote ya kubishana naye, hapo ndipo ninapokwama.

Tangu msiba ule hajamrudisha mtu yeyote. Mama akija na mtoto mmoja, hata siku isiyo ya kliniki, kichupa cha surua kinafunguliwa na kilichobaki kinamwagwa. Waratibu wa chanjo walipokuja kuuliza, aliwakaribisha kwenye benchi. Kuna walioondoka wamekubali, na kuna walioondoka wamechoka. Leo ndivyo tunavyofanya zahanati nzima, na watoto wa hapa wanaokosa chanjo ya surua wamepungua sana.

Ningependa kuishia hapo, lakini ameniambia niandike na hili. Mwezi uliopita Mama Leonard, ambaye tangu afiwe alikuwa hajakanyaga zahanati yetu, alikuja na mjukuu wake kwa ajili ya surua. Hakukuwa na mtoto mwingine. Bi. Luciana alimwamkia, akafungua kichupa kipya, akamchanja mtoto. Mama Leonard aliuliza dozi zilizobaki ni za nani. Akajibiwa kwamba zitamwagwa. Alimbembeleza mjukuu, kisha akasema, wala si kwa hasira, "Kumbe kinafunguliwa hata kwa mtu mmoja."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaaga, akaondoka. Bi. Luciana alibaki amekishika kichupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimeumia sana kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule mama.

Bi. Luciana amempelekea mwaliko wa sherehe hii yeye mwenyewe, kwa miguu. Hakuambiwa atakuja, wala hakuambiwa hatakuja. Kiti cha Mama Leonard kitakuwa mstari wa mbele, na kikibaki kitupu tunaomba mtu asikikalie.

Dada yetu anarudi Mwankoko kufuga kuku. Tumemnunulia matenga mapya, na gunia la pumba limetoka kwenye mishahara yetu, kila mmoja amechangia. Dada Luciana, asante kwa watoto uliowapokea, kwa chai ya benchini, na kwa kila ubishi ulioushinda. Tunakuombea afya, majirani wabishi, na banda lisilopata kideri. Ufunguo atabaki nao Nasma, muuguzi uliyemfundisha mwenyewe. Nenda kapumzike, dada. Akija mtu mmoja, tutakifungua.