Kochi la Njiti Tatu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililobanwa kati ya kinyozi na karakana ya makochi. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani ukawekewa tofali, na mpaka leo anayekaa upande huo lazima akae kwa adabu. Kinyozi ni mimi, wananiita Wembe, na ningekuwa na wateja zaidi kama ningepunguza ubishi. Pembeni yangu hukaa Tanki, aliyeendesha lori la mafuta mpaka macho yakamgomea. Anayefuata ni Mkemia, ambaye aliuza dawa za kikohozi kwenye duka la watu miaka nenda miaka rudi, hadi akajiona anazijua siri zote za dunia. Kahawa yetu inatoka kwa Shangazi Birika, anayeuza kahawa na kugawa maoni bure. Asubuhi hiyo tulikuwa na raha zetu, mpaka Fundi Sponji alipotoka karakanani uso umemsawijika, kashika kilebo cha kitambaa mkononi.

Wembe: Fundi, nani kafa?

Fundi Sponji: Hajafa mtu. Mimi ndo nakaribia.

Akatueleza. Ile nyumba ya kulelea watoto, ya kona ya pili, ilimpa kazi ya makochi ya kulalia watoto mchana. Hajawahi kupata kazi kubwa kama ile. Makochi yalikuwa tayari, yamepangwa ndani yanang'aa. Tatizo lilikuwa lebo. Mkuu wa nyumba ile alitaka kila kochi lishonewe lebo chini yake, na lebo iseme kochi ni la daraja gani la moto: linashika upesi au polepole, linatoa moshi kiasi gani, linadondosha matone yanayowaka au halidondoshi. Wachukuaji wangekuja adhuhuri hiyo hiyo. Bila lebo makochi hayatoki, na makochi yasipotoka, karakana inafungwa, Fundi anarudi kushona magodoro ya watu uani kwake. Tena mjukuu wake wa pekee, yule anayempanda mgongoni kila jioni, anashinda katika nyumba hiyo hiyo.

Fundi Sponji: Sasa jamani, kochi langu ni daraja gani? Mimi nilifundishwa kushona. Madaraja ya moto sikufundishwa.

Tanki: Shemeji, umefika penyewe.

Fundi kamwoa dada yake Tanki, na Tanki hajawahi kumwacha asahau.

Tanki: Nimebeba petroli nusu ya maisha yangu. Nikwambie kitu? Petroli haiwaki.

Shangazi Birika: Haya, kumekucha.

Tanki: Haiwaki! Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli inatoa mvuke hata ikiwa imepoa, ndo maana cheche moja tu, kwisha habari. Dizeli mpaka uipashe joto kwanza. Kwa hiyo hazikai daraja moja.

Mkemia: Hapo kasema kweli, na inaniuma kukubali. Hata gogo, ule moto wake mrefu ni hewa inayotoka kwenye gogo likishapata joto.

Tanki: Umeona? Sasa mvuke tunautambuaje? Kwa harufu! Kitu kisicho na harufu hakiwaki. Shemeji, lete sponji yako tuinuse.

Fundi, maskini, akaingia ndani mbio akaleta kipande. Kikapita benchi nzima, kila mtu kakizamisha pua.

Wembe: Inanuka gundi.

Tanki: Hiyo ni harufu ya gundi, siyo ya sponji. Gundi itaandikiwa lebo yake.

Shangazi Birika: Na mkaa wangu? Mkaa wangu unanuka nini?

Tanki: Mkaa ulishaungua mara moja, shangazi. Hauhesabiwi.

Mkemia alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, vile alivyokuwa akiwatikisia wagonjwa waliotaka dawa bila cheti.

Mkemia: Mnahangaika na mvuke, mnasahau umbo. Chukua ubao, upige kiberiti, utamaliza njiti zako bure. Chukua maranda ya ubao huo huo, njiti moja inatosha. Usage uwe vumbi, lirushe hewani karibu na moto, linalipuka na paa linaondoka. Hata unga wa ngano unaweza kulipua kinu cha kusagia.

Wembe: Unga huu huu wa kula?

Mkemia: Huu huu. Hewa inaufikia kila upande. Kitu kikiwa chembamba kinashika upesi, kikiwa kikubwa kinachelewa.

Fundi Sponji: Kwa hiyo nifanyeje?

Mkemia: Ongeza ukubwa. Kochi la watu watatu ni salama kuliko stuli. Ukitengeneza moja la kujaza chumba kizima, ndo haliwaki kabisa.

Fundi Sponji: Na watoto watakaa wapi?

Mkemia: Hilo ni swali la malezi. Mimi nazungumzia sayansi.

Wakati anasema hayo alikuwa bado ameishika ile sponji, anaibonyeza na kuiachia. Ilikuwa na matundu kila mahali, hewa imejaa mpaka katikati. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama.

Jiko lilikuwa limeanza kufifia, na Shangazi Birika akikosa moto hukosa pia uvumilivu.

Shangazi Birika: Nyie moto mnausimulia, mimi nauwasha kila siku ya Mungu. Vitu ni kama watu. Kuna wenye hasira za karibu, ukimgusa kalipuka. Kuna wa kununa: huoni moto, anafuka ndani kwa ndani, ukishamsahau ndo anawaka. Halafu kuna wasiojali. Jiwe, tofali, udongo. Hao hata uwatukane.

Nikasema moyoni, leo shangazi kaongea cha maana. Kumbe nimewahi mno kufurahi.

Tanki: Na sponji iko wapi hapo?

Shangazi Birika: Inategemea rangi. Nyekundu ina hasira. Fundi, kitambaa chako rangi gani?

Fundi Sponji: Buluu.

Shangazi Birika: Basi imepoa hiyo. Andika daraja la maji.

Hakusubiri kupingwa. Akatia mkono kwenye mfuko wake wa vipande vya kuwashia, akasukuma kimoja chini ya mkaa, akapiga njiti moja tu. Jiko likaitika kwa kishindo. Moshi mweusi ukatupita usoni, tukapunga mikono, tukakohoa, tukaendelea na madaraja yetu.

Hapo ndipo alipokuja dada mmoja mwenye begi la kitoto begani. Akakaa upande wa tofali, kwa adabu. Nikadhani anamsubiri mtu aje anyolewe. Shangazi akampa kikombe, na mimi nikaona sasa nina mgeni wa kumwonyesha akili zangu.

Wembe: Jamani, jibu liko dukani kwangu. Nywele! Nywele ukizitia moto zinajikunja, zinanuka, zinazima zenyewe. Fundi, mimi nina gunia zima la nywele mle ndani. Toa sponji, jaza nywele.

Tanki: Watoto walale juu ya ndevu zangu?

Wembe: Labda ndevu zako zitapata faida kwa mara ya kwanza.

Mkemia: Na chawa je, wana daraja gani?

Tulicheka mpaka benchi likacheza juu ya tofali. Fundi hakucheka. Alikuwa anaizungusha lebo vidoleni, macho yamemwiva.

Fundi Sponji: Chekeni tu. Jua linapanda, na mimi sina la kuandika.

Kwa kweli nilimwonea huruma. Hata Tanki aliacha kujikuna ndevu. Mkemia ndiye aliyetutoa kwenye aibu ile.

Mkemia: Maneno basi. Tufanye jaribio. Lete mto mmoja wa kochi, tuupige njiti za kiberiti. Ukiwaka kwa njiti ya kwanza, daraja la tatu. Kwa ya pili, daraja la pili. Ukizishinda zote tatu, daraja la kwanza.

Tanki: Nani kapanga madaraja hayo?

Mkemia: Mimi, sasa hivi. Kila kitu kilipangwa na mtu.

Fundi akatoka na mto mzima, umevikwa kitambaa cha buluu kinene, kigumu kama turubai, kimeshonwa mishono miwili miwili. Njiti ya kwanza ikaacha doa la kahawia ikafa. Ya pili ikaungua mpaka kwenye vidole vya Mkemia, akaitupa akimlilia mama yake. Ya tatu niliishika mwenyewe, kwa mkono uliozoea wembe, nikaisogeza taratibu mpaka ikagusa. Kitambaa kikasinyaa, kikafuka uzi mmoja wa moshi, njiti ikazima.

Tanki: Goooli!

Tulisimama wote kwa pamoja. Fundi akamkumbatia Mkemia, akanikumbatia na mimi, akataka kumkumbatia shangazi akakumbuka birika la moto. Alikuwa anacheka huku anafuta machozi. Palepale akaiweka lebo gotini akaandika kwa herufi kubwa: DARAJA LA KWANZA. HALIWAKI. Akatunga uzi, akaishona kwenye mto, akakata uzi kwa meno.

Yule dada akakiweka kikombe chake chini.

Dada: Samahanini wazee wangu. Naweza kuuliza?

Tanki: Uliza binti yangu. Leo hapa kila kitu kina jibu.

Dada: Shangazi, jiko hili umewashia nini?

Shangazi Birika: Si kiberiti, mwanangu?

Dada: Nimekiona kiberiti. Chini ya mkaa umeweka nini?

Shangazi akatia mkono mfukoni kama kawaida yake, bila wasiwasi, akatoa kipande, akakinyoosha mbele yetu kwenye kiganja. Kilikuwa sponji. Upande mmoja kilikuwa kimekatwa kwa kufuata mzingo wa kona ya kochi, na kiuzi cha buluu kilikuwa bado kimeng'ang'ania.

Shangazi Birika: Si Fundi mwenyewe hunipa mabaki yake kila asubuhi? Yanawaka vizuri mno...

Akaishia hapo. Mkono ukabaki umenyooka.

Tulikitazama kile kipande. Miezi yote hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa iliyowashwa kwa sponji ya Fundi, tunakohoa moshi wake mweusi, na asubuhi ile ile tumeinusa, tumeibonyeza, tumeitungia madaraja.

Tanki: Lakini ya shemeji imevalishwa kitambaa. Kitambaa kimeshinda njiti tatu, umeona mwenyewe.

Dada: Nimeona, baba. Mimi ni mlezi pale kwenye nyumba ya watoto, nimetangulia kuwasubiri wachukuaji wa makochi. Yale ya zamani nayo yalikuwa na kitambaa. Watoto wanayatoboa kwa vidole, wanachomoa sponji, wanarushiana. Nawakataza asubuhi, mchana nakuta tundu jipya.

Akamgeukia Mkemia, kwa sababu Mkemia ana miwani.

Dada: Wakilala wote, nakuwa nao peke yangu. Wadogo hawajui kukimbia, lazima niwabebe, na mikono yangu inabeba wawili. Moto ukishika kochi moja, nitaweza kurudi ndani mara ngapi?

Aliuliza kwa upole kabisa. Alitaka kujua tu.

Mkemia akamtazama Tanki. Tanki akalitazama birika. Mimi nikatazama kucha zangu. Tulikuwa na jibu la petroli, la unga, la rangi na la ndevu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kijiweni pale.

Fundi Sponji: Mjukuu wangu huwa analala wapi?

Dada: Yule mcheshi? Mwisho kabisa, chini ya dirisha. Hapendi mlangoni, anasema kuna kelele.

Fundi akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama.

Fundi Sponji: Wembe, nipe wembe.

Nikampa. Akakata uzi wa lebo, akaikunja ndogo kabisa, akaitia mfukoni. Kisha akaupasua ule mto toka mwanzo wa mshono hadi mwisho, mishono yake miwili miwili aliyojivunia, akaivuta sponji yote nje. Akaingia karakanani. Tukasikia mto wa pili unapasuka, halafu wa tatu. Tanki aliinuka nusu, kama anataka kumzuia, akakaa tena.

Fundi alipotoka alikuwa na vumbi la njano mpaka kwenye kope.

Fundi Sponji: Mwambie mkuu wako makochi hayajakamilika. Nitaenda kwa watu wanaojua haya mambo, niwaulize kuna kitu gani cha kujaza ambacho naweza kukiandikia lebo bila kuongopa. Kama hawezi kusubiri, kazi ampe mwingine.

Tanki: Shemeji, na karakana?

Fundi Sponji: Dada yako alishawahi kuniona nikishona uani. Hatashangaa.

Kisha akamgeukia mlezi.

Fundi Sponji: Na wewe mwanangu, leo yule wangu mlaze kwenye mkeka. Karibu na mlango. Akilalamikia kelele, mwambie babu kasema.

Mkemia akafungua mdomo. Wote tulijua anataka kusema kwamba mkeka nao unawaka. Shangazi Birika akaliinua birika haraka amjazie kikombe anyamaze, akaliinamisha, likatoa tone moja. Mkemia akaliangalia lile tone, akafunga mdomo mwenyewe.

Shangazi akaliongeza maji birika. Jiko lilikuwa limezima tena. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko kwa mazoea, ukasita, ukarudi. Akainama chini ya benchi, akaokota vijiti, akaanza kuvivunjavunja kimoja kimoja.

Kahawa ilichelewa sana siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.