Mafundo Mawili kwenye Waya wa Batri

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena ukutani, na wewe Mbombo, binti yangu, chukua daftari lako la shule, zile kurasa zilizobaki tupu siku tulipokutoa darasani, uandike ninavyosema bila kupamba. Musau, keti mlangoni, mtu asiingie. Kankolongo, njoo upande wangu wa kuume, wewe ndiye mkubwa. Macho yangu hayawaoni, lakini nawajua kwa pumzi zenu, na pumzi ya Kankolongo siisikii. Anakuja, mnasema. Basi naanza, kwa kuwa sina nguvu ya kumngoja, na akifika mtamsomea tangu mwanzo.

Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe kabla Musau hajaoa. Shamba la mpunga la Kibombo alilime atakayetaka kuinama, na wengine wasimwonee wivu wakati wa mavuno. Hayo ni mepesi. Zito ni lile gari lililosimama uani.

Mnalijua, ni Chevrolet iliyoachwa na Mbelgiji mwaka wa uhuru, na yule mkubwa wa Chama aliniletea ikiwa injini yake imekufa, akitaka niitie injini ya Toyota. Kuketisha injini ni kazi ya misuli, hata wapakuzi wa bandarini wangeiweza. Kazi yangu ilikuwa nyaya, kwa sababu nyaya za Chevrolet hazijui Toyota inataka nini: dinamo imehamia upande wa pili, stata inavuta moto wa umeme mwingi zaidi, waya huu haufiki, ule hauna pa kwenda. Nilizitoa zote, nikazilaza mezani, nikakata, nikaunga, nikazifunga upya kuwa fungu moja. Na kwa kuwa nyaya za rangi hapa Kindu hatuzipati, nilitumia zile za kebo kuukuu kutoka migodi ya Kalima, zote nyeusi, nikazitia alama kwa mafundo ya uzi mweupe: fundo moja ni taa, mawili honi, matatu stata, manne ni ule waya unaotoka batri moja kwa moja, usio na fyuzi, wenye moto hata ufunguo ukiwa umetolewa. Mafundi wote wa mji waliyajifunza mafundo yangu. Bulaimu, tuliyefanya naye kazi miaka mingi karakana ya reli, alinitania, “Yaya Kabeya, kaka mkubwa, gari zako zinavaa shanga kama bibi arusi.” Lakini aliyasoma, na aliyaamini.

Kisha macho yakaanza kunizimikia, na wenye magari wakaanza kupita mbele ya lango langu wakienda kwake. Niliwasikia. Kila gari nilijua mlio wake, na kila mlio uliopita uliniingia moyoni kama mchanga kwenye beringi za gurudumu. Ndipo lilipoletwa lile Pijo la mfanyabiashara wa chumvi, nalo likitaka injini nyingine, na vidole vya Mbombo vikawa vinafunga uzi badala ya vyangu. Mwanangu, andika hapa. Nilikuambia ufunge mafundo mawili kwenye waya wa batri. Ukaniuliza, “Baba, sasa honi ziko mbili?” nikakukemea. Ule ulikuwa uongo wangu, wewe hukuwamo. Nilitaka Bulaimu akilifungua gari hilo aukate ule waya akidhani ni wa honi, cheche zimruke, watu wamcheke, na mwenye gari arudi kwangu. Cheche tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Bulaimu aliitiwa honi ya lile Pijo, isiyolia. Alifanya yote fundi anayopaswa kufanya, akazima, akatoa ufunguo, akasoma mafundo, akakata. Kabureta ilikuwa inadondosha petroli, ikawaka. Aliishi siku tatu.

Kwenye matanga nilisema mbele ya watu wote kwamba alisahau kuzima. Hadidja, mjane wake, aliinua kichwa akaniambia polepole, “Baba Kabeya, ufunguo niliutoa mfukoni mwake mimi mwenyewe.” Wanaume wakageuka kunitazama mimi, mzee wa kazi, nikawajibu kwamba huzuni imemchanganya mama huyu. Tangu siku ile hajaniamkia, lakini maneno yake ninayo kila ninapolala.

Nipeni maji kidogo.

Musau, nikishazikwa, kwanza utaenda kwa Hadidja na kurasa hizi, uwakusanye watu walewale wa matanga, uzisome kwa sauti, usiruke neno. Wakitaka kulitukana kaburi langu, usigombane nao. Vifaa vyangu vyote, pasi ya kulehemu, meza, na koleo langu lililo chini ya mto huu, ni vya Hamadi, mtoto wa Bulaimu.

Sasa lile Chevrolet. Nalo nimelifanya vilevile. Ndiyo. Baada ya Bulaimu nililiendea kwa kupapasa, nikalifanya vilevile, maana kama mafundo yangekuwa ya kweli, mtu angeuliza kwa nini yale ya Pijo yalikuwa mengine. Asiliguse mtu mpaka Mbombo atoe batri kwanza, ndipo afungue mawili kwenye waya wa batri na kufunga manne. Kankolongo hasa asiliguse, maana yeye anayasoma mafundo yangu na anayaamini. Dereva wa yule mkubwa alikuja asubuhi, nilimsikia akinung'unika kwamba gari linatakiwa Jumapili kwenye maandamano na honi hailii.

Honi hailii.

Kankolongo. Mbona haitiki? Musau, usinifiche, mimi si mtoto. Mbombo, mama, ingiza mkono chini ya mto. Tafuta vizuri. Hakuna koleo?

Basi amelichukua. Nyamazeni. Hilo ni bati la injini linafunguliwa kule uani, bawaba zake nilizitia mafuta mwenyewe. Acha daftari, mama. Usimwite kutoka mlangoni, hatakusikia, kimbia umshike mkono. Na wewe, Musau, nenda naye. Baraka zenu nitazitamka hapa peke yangu, zitawafikia njiani... Mungu ailinde mikono yenu ninyi watatu... mikono ya wanangu, Bwana... yangu iache...

Kimbieni.