Tofali la Mektrida na Krismasi Niliyomharibia

Nimemkosea Mektrida Wenseslaus, na siwezi kuandika wasifu wake bila kuanza na hilo. Anastaafu tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya maji. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Denis, niandike kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu. Hawakujua wanamwomba nani.

Mektrida alianza kusoma mita Njoro. Huko mbwa alimpandisha ukutani, naye akasoma mita akiwa huko huko juu, akamwomba tu mwenye nyumba asogeze ndoo iliyoziba namba. Baadaye akapewa Kiboriloni, kisha Kirua Vunjo, kijijini alikoolewa. Kule hawakumruhusu aondoke mikono mitupu. Alirudi ofisini na mkungu wa ndizi kichwani na mashine begani.

Mashine hiyo tuliiita tofali, kwa uzito wake. Nyie vijana mnaosoma mita kwa simu hamkuiona. Ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi. Kila mwisho wa mwezi tuliipachika kwenye kitako chake, tukaiunga kwa waya na kompyuta ya mezani, ile ya zamani, maana mpya hazikuitambua. Kwanza unavuta namba zote zilizosomwa, ndipo unaiapdeti, yaani unaiandaa upya kwa mwezi unaofuata. Ukianza na apdeti, kila kitu kinafutika. Waya nao ukitikisika kidogo, inagoma, na mara nyingine inapoteza namba. Mektrida akiingia alinisalimia mimi, halafu akaiambia mashine, "Shikamoo bibi, leo usitusumbue." Chumba kizima tulicheka.

Tarehe 23 Desemba 2014 alishuka kutoka Kirua na tofali limejaa namba za kijiji kizima. Akaniachia, akaenda kunawa matope. Mimi nilikuwa na haraka. Ndugu zangu walishapanda mlimani, nyumbani, kwa Krismasi, na mbuzi alikuwa ananisubiri nikamchinje. Nikabonyeza apdeti. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika, maana namba zitafutika. Nikajibu ndiyo bila kusoma.

Nilipoona nilichofanya, niliogopa. Nikamwambia meneja wetu wa wakati ule, mzee Hosea, kwamba mashine imeletwa tupu.

Mektrida alirudi Kirua siku ile ile kusoma mita zote upya. Krismasi nzima, wakati kila ua una moshi wa nyama, yeye alikuwa anabisha hodi. Wengine walimtania, "Mama, hata mita zetu mnazitembelea sikukuu?" Lakini mzee mmoja alimuuliza mbele ya wageni, "Kwa hiyo mara ya kwanza ulituandikia ukiwa umelala kwako?" Alijibu, "Mashine imesahau, baba. Mimi nilifika." Kuna waliomwamini. Wengine wakampa jina, Mama Mita za Kichwani, na jina hilo linamfuata kanisani mpaka leo.

Mzee Hosea alimnyang'anya tofali, akampeleka dirisha la malalamiko. Cheo cha msimamizi wa wasoma mita, ambacho sote tulijua ni chake, nilipewa mimi.

Pale dirishani ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Mtu anakuja anafoka bomba limekauka, anaondoka anamsimulia habari za wajukuu. Loveness wa mapokezi anasema alijifunza kazi kwa kumsikiliza tu.

Lililonikosesha raha ni hili. Baada ya sikukuu ile Mektrida alikuja chumbani kwangu kuniomba radhi. Alidhani ni yeye aliyetikisa waya alipokuwa anaweka mashine mezani. Akasema, "Kaka Denis, nimekuharibia Krismasi yako." Nami nikamjibu asijali. Dada Mektrida, hukutikisa chochote. Ni mimi.

Meneja wetu wa sasa nimeshamweleza kabla karatasi hii haijachapwa, na kuhusu cheo changu ataamua yeye. Kuhusu jina lako siwezi kumwachia mtu mwingine.

Asante kwa kila mlima uliopanda kwa ajili yetu. Pumzika, mgomba wako ustawi, magoti yapone, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Mimi nitaanzia geti la kwanza la njia yako ya Kirua asubuhi ya tarehe 20 Desemba. Nitapita kwa miguu nyumba kwa nyumba, nikisema jina langu na nilichofanya. Ikifika jioni ya tarehe 23, geti la mwisho litakuwa lako.