Mstari wa Arobaini na Moja

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda uliofiwa na mwenzake, ukawekwa juu ya matofali na kuegemezwa ukuta wa kibanda cha Dada Chapa, mchapaji. Akiwa kitini mwake Chapa huona migongo mitatu kupitia dirishani, na anaijua kama anavyozijua herufi za kibodi. Mgongo mpana ni wa Mheshimiwa, aliyepeleka mafaili mahakamani miaka mingi na tangu astaafu anajihesabu kuwa hakimu. Uliopinda ni wa Transista, fundi redio, ambaye kahawa ya benchi huichemsha kwenye jiko lilelile analopashia chuma chake cha kuchomea waya. Wa tatu, ulionyooka kama nguzo, ni wa Komeo, mlinzi wa lango la kiwanda cha magodoro. Yeye hunywa na kusikiliza. Ukimpa swali asubuhi, jibu unaweza kulipata baada ya kikombe cha pili.

Asubuhi hiyo, yapata saa tano, Komeo alikuwa kapokea ujumbe wa simu. Aliusoma, akausoma tena, halafu akampa Mheshimiwa simu bila neno.

— Hii ni ya katibu wa kamati, Mheshimiwa akasema, akiisogeza simu mbali na macho. Anasema: “Barua yako tumeipata. Tumeshangaa umekiri.”

— Nani kakiri? Transista akauliza.

— Komeo.

— Komeo hata salamu haikiri.

Chapa aliacha kuchapa. Habari ile aliijua mwanzo mpaka mwisho. Wiki mbili nyuma lango la kiwanda lilikutwa wazi alfajiri na magodoro hayapo. Komeo, mwenye miaka kumi na tisa kwenye lango lile, akaitwa mbele ya kamati. Chapa ndiye aliyekodiwa kuchapa kila lililosemwa, na mwisho wa kikao kila upande ukapewa faili lilelile ukajichapishie. Katibu alikwenda kuweka namba za mistari ofisini kwake. Nakala ya Komeo aliiweka namba Chapa mwenyewe, kisha akamwandikia barua fupi ya kupeleka kwa kamati: “Utetezi wangu wote uko mstari wa 41.” Na leo saa nane mchana kamati ilikuwa inakaa kuamua kama Komeo anabaki au anaondoka.

Akachukua nakala yake, akatoka nayo nje.

— Mstari wa arobaini na moja huu hapa, akasema. “Lango nililifunga mwenyewe, nikalitikisa mara mbili.” Kukiri kuko wapi?

Mheshimiwa akamsomea ujumbe wa katibu mpaka mwisho. Kwenye nakala ya kamati, mstari wa arobaini na moja ulisema: “Usingizi ulinizidi.”

Benchi zima likageuka kumtazama Komeo.

— Nyumbani, Komeo akasema. Asubuhi, baada ya zamu. Waliniuliza kwa nini sikupokea simu.

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akainamia kikombe chake, na Chapa akaona vidole vimekishika kwa nguvu kuliko kikombe kinavyohitaji. Barua ile aliiandika yeye.

— Umeme huo, Transista akaamua. Juzi ulipungua, taa zikawa nyekundu. Umeme ukipungua namba haziwezi kusimama, zinateleza kwenda chini. Redio nayo hivyohivyo, unaiacha kwenye habari unaikuta kwenye ngoma.

— Hujui kitu, Mheshimiwa akasema. Hii ni mbinu. Nimeona mahakamani mtu anaapa kwa ukurasa wa saba, anafungwa kwa ukurasa wa tisa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa?

— Wanasogeza mstari mmoja leo, mmoja kesho. Mwisho mtu mzima kakiri.

Chapa aliwaacha, akarudi ndani. Kwenye kazi yake hakuwa mtu wa kubabaika. Kuweka namba kwa mkono aliacha zamani. Siku hizi alifungua ule ukurasa mweusi wa kompyuta ambao hauna picha wala vitufe, akaandika amri ya herufi mbili tu, nl, na jina la faili, na mistari yote ikajipanga na namba zake pembeni. Aliiamini amri ile kuliko anavyowaamini ndugu zake. Akaiandika tena. Namba zikashuka kama mwanzo: arobaini na moja, lango nililifunga mwenyewe.

— Amri yangu haidanganyi, akasema kupitia dirishani.

— Amri haidanganyi, inadanganywa, Mheshimiwa akajibu. Kile kidude cha kubebea faili katibu alikitia mfukoni, au siyo? Mfuko mmoja na funguo?

— Alikitia, Komeo akasema.

— Basi. Chuma kinavuta namba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Transista hakukubali kushindwa. Akaeleza kwamba kompyuta mbili zikiwa mtaa mmoja hushikana mawimbi, moja ikahesabu mistari ya mwenzake. Huenda “usingizi ulinizidi” ni maneno ya kesi ya mtu mwingine kabisa. Mheshimiwa akasema kama ni hivyo, atafutwe huyo mtu mwingine, aletwe, akiri mwenyewe. Walikuwa wamefika kwenye kumtafutia usafiri, na saa ilikuwa sita kasoro.

Ndipo akafika mke wa Komeo. Alikuwa mshonaji wa sare, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Alikuwa kapita kiwandani kuuliza, na katibu, ambaye si mtu mbaya, alimpa nakala ya kamati akajionee. Hakukaa. Aliwasalimia, akamtazama mumewe kwa muda, kisha akampa Chapa karatasi.

— Wifi, mimi maandishi mengi yananichosha, akasema. Lakini hapa hapana neno. Mbona pana namba?

Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa nane. Namba ilikuwepo, na mbele yake karatasi tupu.

Mheshimiwa aliinuka kutazama. Transista naye.

— Na hapa, mke wa Komeo akaendelea. Na hapa tena.

Chapa aliichukua nakala yake mwenyewe, akaziweka mbili pamoja. Mstari ule mtupu ulikuwepo pia kwenye yake, ila pembeni hapakuwa na namba. Hesabu iliuruka kama haupo. Akajua papo hapo. Mistari ile aliitia yeye. Mwalimu aliyemfundisha uchapaji alimkanya: mtu akiulizwa akanyamaza, usimpite, mwachie mstari mtupu. Na Komeo alinyamaza sana siku ile. Katibu alihesabu kila mstari, wenye neno na usio na neno. Amri ya Chapa, usipoiambia vingine, huhesabu wenye maneno tu.

— Hesabu mitupu, wifi, mpaka kwenye lango, akasema.

Mshonaji alihesabu kama anayehesabu vifungo, kwa ncha ya ukucha.

— Tisa.

— Arobaini na moja na tisa?

— Hamsini, Transista akadakia.

Wakafungua nakala ya kamati, mstari wa hamsini. “Lango nililifunga mwenyewe, nikalitikisa mara mbili.”

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mheshimiwa. Transista akamtazama kwa mshangao, maana kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

Chapa alikuwa ameshaingia ndani. Safari hii aliandika nl, akaongeza kistari na herufi b na a, ndiyo kuiambia ihesabu kila mstari hata mtupu. Karatasi zilipotoka aliziweka juu ya zile za kamati kwenye mwanga wa dirisha, na namba zikalaliana moja juu ya moja. Akaandika barua upya: mstari ni wa 50, na sababu ya kosa hii hapa. Akaweka jina lake chini. Kisha akatoka, akasimama mbele ya Komeo.

— Kosa ni langu, kaka. Niliiamini amri nikasahau kuiuliza inahesabu nini. Nisamehe.

Komeo akatikisa kichwa, kwa maana ya kwamba yameisha. Lakini mkewe hakuwa amemaliza. Alikuwa ameichukua tena nakala ya kamati, na kidole kimerudi kwenye mstari wa nane.

— Watakuuliza na mistari hii mitupu, akamwambia mumewe. Sasa ina namba. Hapa ulikuwa kimya mara tisa. Ulikuwa unafikiri nini?

Mheshimiwa alitazama viatu vyake. Transista akainua birika, akalitikisa, akalikuta tupu, akalirudisha jikoni polepole ili lisipige kelele. Chapa alikuwepo kikaoni, aliona kimya kile kwa macho yake na akakipa nafasi kwenye karatasi, ila hakuwahi kujiuliza ndani yake kulikuwa na nini. Alikuwa na haraka ya mstari unaofuata.

Walisubiri. Hakuna aliyemsaidia kujibu.

— Nilikuwa nalifunga, Komeo akasema mwishowe.

— Unafunga nini?

— Lango. Kila waliponiuliza, nilirudi usiku ule kichwani nikalifunga upya. Komeo la juu, la chini, kufuli. Nilitaka nihakikishe sisemi uongo.

Mkewe alimshika mkono wa shati, akaunyoosha mkunjo ambao haukuwepo.

— Basi kawaambie hivyo hivyo, akasema. Neno kwa neno.

Komeo akapokea barua na nakala zote mbili, akazipachika kwapani. Mheshimiwa akataka kwenda naye kama wakili, akakatazwa na watu watatu kwa pamoja. Chapa naye akachukua mkoba wake, maana kikao cha saa nane alikodiwa kukichapa, na siku hiyo alikusudia kusikiliza vizuri zaidi hata pale pasiposemwa kitu.

Wakatoka, mke mbele, Chapa nyuma yake. Komeo alibaki mwisho. Bila kuambiwa na mtu aliuvuta mlango wa kibanda, akasukuma komeo, akaufunga kwa kufuli. Kisha akaushika na kuutikisa mara mbili, ndipo akawafuata.