Mkuu wa Pasi, Wifi Yake na Roboti Aliyeitwa Mgeni

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1978, kisha akasomea ufundi. Cheti chake kilisifu usafi. Kuhusu ukaidi, walimu walinyamaza kwa heshima.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapanda hadi kuwa mkuu wa pasi. Mkuu wa kufua alimpenda, akamkutanisha na kaka yake, na ndoa ikafungwa tarehe 6 Agosti 1988. Mawifi hao walikuwa chanda na pete, mpaka mzigo mzima wa mashuka ulipoharibika. Huyu alisema ni dawa ya kufulia, yule akasema ni pasi. Walinuniana kwa miaka, na wenzao wakagawanyika nyuma yao. Tuliumia sana nyumbani.

Mwaka 2019 hospitali ilileta roboti wa kusukuma matoroli na kupanga zamu. Walimwita Mgeni. Mwanzoni mawifi walimfanya tarishi: "Mgeni, mwambie huyo mashuka yake bado mabichi!" Baadaye kila kosa likawa la Mgeni, naye hakubisha. "Samahani, nimekosea. Tusaidiane kurekebisha." Watu walicheka, kisha wakasaidiana kweli.

Siku moja shuka liliungua, wote wakamnyooshea Mgeni kidole. Alipoanza kuomba radhi, dada aliweka pasi chini.

"Jamani, mwacheni. Hana hata mkono wa kushika pasi. Ni mimi. Na yale ya zamani, wifi, ni mimi pia."

"Na mimi dawa niliizidisha," wifi akajibu. "Ningekuambiaje, na ulivyofura vile?"

Jioni hiyo walifika nyumbani pamoja wakicheka. Shemeji alidhani wamefukuzwa kazi.

Februari 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wifi alikataa mashuka yake yaguswe na mwingine. Alifua mwenyewe, akanyoosha mwenyewe, na mgonjwa akalalamika:

"Pasi huijui, wewe. Ona mikunjo hii."

"Basi pona, uje unyooshe."

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu, mimi mdogo wake, na wifi, ambaye jana alinyoosha sanda bila mkunjo hata mmoja, akageuka kumwonyesha mtu, akakuta hayupo.

Lala kwa amani, dada.