Meli ya Kumpeleka Fundi Kwenye Barafu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo tangu kikombe cha kwanza, nimekaa pale pale, na macho yangu hayana tabia ya kunidanganya. Kinachonidanganya mara moja moja ni mdomo. Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi wa mafriji, na benchi lenyewe si benchi. Ni friza ya kulala iliyokufa zamani. Mwenyewe aliileta itengenezwe, akahama mji, nasi tukatandika mkeka juu yake tukaanza kutoa maamuzi. Hapo ndipo panapojulikana nani ameoa vibaya, mchezaji gani apangwe mbele, na mvua imechelewa kwa sababu gani. Ujuzi wetu ni mpana sana, kwa kuwa haujawahi kubanwa na elimu.

Asubuhi ile aliyeleta shauri alikuwa Fundi mwenyewe. Fundi ni mtu mrefu, mpole, anayeweza kukaa na friji kutwa nzima bila kusema neno na wote wawili wakaelewana. Ana binti mmoja, nesi, anayefanya kazi nchi ya mbali yenye baridi. Binti alikuwa amemtumia ujumbe: amepata likizo, anataka yeye na baba yake wapande meli ya kitalii waende kutazama mito ya barafu. Si barafu hii ya kwenye glasi. Ni barafu iliyojaza bonde zima kama mto uliosimama, inayoteremka kidogo kidogo hadi baharini, na ikifika hapo inamegeka vipande vya ukubwa wa maghorofa na kuanguka majini.

Meli zilikuwa mbili. Ya kwanza kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, ina mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa sinema. Inapita bahari kuu, inaonyesha barafu nyingi kwa mbali, kisha abiria wanashukia bandari nyingine. Ya pili ndogo. Inajipenyeza katikati ya visiwa mpaka kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari, inazima injini mbele ya barafu na kutulia, halafu inarudi ilikotoka. Chagua wewe, baba, binti aliandika, ila unijibu leo. Asipothibitisha leo, likizo anapewa mwenzake, na yake inasogezwa hadi hajui lini.

Fundi alikuwa ameusoma ujumbe huo tangu alfajiri, bisibisi mkononi, na bisibisi haikuwa ikifungua chochote. Kilichomkwamisha hakikuwa meli. Tangu mkewe afariki, yeye na binti yake hawajui kuongea. Zamani mama mtu ndiye aliyeshika simu, na kazi ya Fundi ilikuwa kupaza sauti kutoka chumba cha pili: msalimie. Sasa simu anaishika mwenyewe. Watajuliana hali, ataulizia kazi, ataambiwa inaendelea, na baada ya hapo wanasikilizana wakipumua mpaka mmoja apate ujasiri wa kukata. Ndiyo maana ile meli kubwa ilimvutia. Kwenye sinema na mabwawa mtu anaweza kupotea kidogo. Ile ndogo ilimtisha. Ukae na mwanao mbele ya ukuta wa barafu, injini imezimwa, hata friji la kukoroma pembeni hakuna.

Mtaniuliza nimeyajuaje yaliyokuwa moyoni mwake. Mimi na Fundi tumekalia friza moja miaka yote hii. Mtu ukikaa naye hivyo, hata akimeza mate unajua ameghairi kusema nini.

Yeye kijiweni alisema machache tu: kuna meli mbili, ipi? Akapitisha simu tuone picha, akanyamaza, maana ndiyo sheria yetu. Mwenye shauri akishaliweka, haruhusiwi kufungua mdomo mpaka chupa ya kahawa iishe na kura ipigwe. Sheria hiyo tuliitunga baada ya Kinyozi kutuletea suala la kuhama nyumba. Tulilijadili kwa utamu hadi adhuhuri, ndipo akatuambia alikwisha kuhama wiki iliyopita. Tangu siku hiyo tulielewa kwamba mwenye shauri huja na ukweli, na ukweli unaharibu mazungumzo.

— Kubwa, alisema Nahodha kabla simu haijamfikia. Bahari inaheshimu uzito.

Nahodha tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye kivuko. Aliosha vyombo. Bahari yote anayoijua aliiona kupitia kidirisha kilichokuwa juu ya sinki, kiduara cha ukubwa wa sahani, na hadi leo akieleza mawimbi huzungusha kiganja kama anayesugua sufuria.

— Uzito wa nini? alisema Kinyozi, akikung'uta taulo. Barafu yenyewe siku hizi inarudi nyuma. Na mambo ya kurudi nyuma mimi ndiyo kazi yangu.

Akaeleza, na alieleza kwa kirefu, kwamba barafu ya dunia haina tofauti na nywele za wanaume wa kijiwe hiki. Inaanza kupungua pembeni, mwenyewe anajifanya haoni. Inapanda juu, mwenyewe analaumu sabuni. Mwisho kinabaki kisiwa utosini. Anayetaka kuiona awahi, na asogee karibu, kwa sababu akiwa mbali ataona kipara kitupu. Kwa hiyo meli ndogo. Aliposema kipara alimtazama Nahodha, na Nahodha akavuta kofia yake chini kama mtu aliyehisi baridi.

Nahodha hakukubali kuaibishwa na mtu wa mkasi. Alisema tatizo la meli si ukaribu, tatizo ni watu. Kipande cha barafu kikianguka upande mmoja, abiria wote wanakimbilia huko wapige picha, na meli inalala. Aliwahi kuona kwa macho yake sahani zote zikihamia kona moja ya sinki kwa sababu abiria wa kivuko waliona pomboo. Fundi basi achukue chumba cha kushoto, na watu wakikimbilia kulia yeye abaki kitandani, tena alale chali ajitanue, ili asawazishe.

— Na wakikimbilia kushoto? aliuliza Kinyozi.

— Atahamia kulia.

— Na meli ikigeuka kurudi, si kushoto kunakuwa kulia?

Hilo lilitukalisha muda mrefu. Kinyozi alisema yeye anafanya kazi mbele ya kioo na hakuna anayejua kulia na kushoto kumzidi. Nahodha alimkumbusha mteja aliyetoka kibandani mwake na ndevu za upande mmoja. Ilibidi tusimame juu ya friza kwa zamu, tukigeuka kama meli inayorudi, kila mmoja akionyesha mkono wake wa kulia, na wapita njia wakitupisha kwa heshima wanayopewa wagonjwa. Uamuzi ukawa Fundi akate chumba pande zote mbili.

Fundi alikuwa amebana midomo. Mara mbili alikohoa, na mara mbili Nahodha alimnyooshea kidole kumkumbusha sheria.

Kahawa ikamiminwa tena, na hapo Kinyozi akaingiwa na wazo jipya. Aliuliza wapi wanapikia. Meli kubwa kama ile, watu maelfu, kila asubuhi kila mtu na mayai yake; hicho si chombo cha safari, ni kikaango kinachoelea. Joto lake linatangulia mbele. Barafu ikiisikia inakuja inaanza kutokwa jasho, na meli ikifika inakuta maji tu na nahodha anaomba radhi.

— Ndiyo maana nasema ndogo, alisema Nahodha.

— Wewe umesema kubwa.

— Nimesema bahari inaheshimu uzito. Sijasema barafu.

Kinyozi, alipoona hoja yake imeporwa, akarukia ya kubwa. Ndogo ina watu wachache, alisema, na kwenye watu wachache siri haikai. Kesho yake tu watajua kwamba huyu ni fundi wa mafriji, na friji la jikoni litaharibika, na la baa, na la chumba cha nahodha. Mtu amevuka nusu ya dunia kwenda kutazama barafu, anaishia chini ya kaunta na tochi mdomoni. Wakaendelea kugombana vilevile, kwa moto uleule, kila mmoja akitetea meli ya mwenzake, na hakuna aliyegundua ila mimi, nami sikutaka kuwakatiza.

Kufikia hapo sote tulikuwa tumekwisha kupanda melini. Kinyozi alikuwa na kibanda chake ghorofa ya chini, kioo kikubwa, foleni ndefu. Nahodha alikuwa kwenye usukani na ameagiza sinki lifungwe. Kulikuwa na mtu wa nne pale kijiweni, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja. Huyo alipewa kazi ya kuonja vyakula. Kura ilipopigwa kwa majaribio, Kinyozi kubwa, Nahodha ndogo, huyo wa nne alipiga mara mbili, moja kila upande, kwa kupenda kwake haki.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja anayeuza juisi mtaa wa pili. Alikuja na raba ya mlango wa friji, ameitundika begani kama nyoka aliyekufa, anataka Fundi ampe nyingine ya kipimo hicho. Hakuwa mtu wa kijiwe, na alingoja kwa adabu. Aliona tunavyogawana vyumba, akasikiliza habari za kulia na kushoto, akauliza ni safari ya nani. Kinyozi akamweleza kwa kifupi, yaani kwa muda mrefu kidogo, kuhusu Fundi, binti, meli na barafu.

— Samahanini, kaka zangu, alisema yule mama. Na binti analala wapi?

Nahodha alimtazama Kinyozi. Kinyozi alitazama ndani ya kikombe chake. Tulikuwa tumepanga kila kitu, mpaka mwonjaji tumempatia kijiko, na binti hatukumpa hata kiti. Meli ya ghorofa zile zote, na mwenye safari tulimwacha bandarini na begi lake.

— Atakuwa hapo hapo, alijaribu Kinyozi.

— Hapo wapi?

Tukamgeukia Fundi, na Fundi akafungua mdomo, na Nahodha, kwa mazoea, akanyoosha kidole.

— Kahawa bado ipo, Fundi.

Fundi aliitazama chupa. Akaitikisa, ilikuwa na kahawa ya kutosha hoja mbili au tatu zaidi. Akachukua kikombe safi, akamimina yote mpaka ikafurika kwenye kisahani, akampa yule mama kwa mikono miwili.

— Karibu, mama. Kahawa imeisha.

Kisha akachukua simu yake kwa Nahodha na kwenda kusimama mlangoni mwa karakana. Alidhani amefika mbali. Lakini simu ya Fundi ni ya zamani, sauti yake inasikika hadi barabarani, na sisi tulikuwa tumeinama upande mmoja wa friza, wote, kiasi cha kuthibitisha ile nadharia ya Nahodha.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama. Hujambo?

— Sijambo.

— Kazi?

— Inaendelea, namshukuru Mungu.

Hapo ndipo maneno yao yalipokuwa yakiishia siku zote. Kupumua kukaanza. Nahodha alifumba macho. Yule mama wa juisi alishikilia kikombe bila kunywa.

— Mama, alisema Fundi kwenye simu, wewe ungependa ipi?

Kule upande wa pili binti akavuta mafua.

— Mimi ile ndogo, baba. Ila niliona humo ukinichoka hutakuwa na pa kwenda. Ndiyo nikakuwekea na kubwa.

Fundi aliegemea mlango.

— Mimi niliogopa utanichoka wewe. Unajua sina maneno mengi.

— Hata mimi sina. Aliyekuwa nayo alikuwa mama.

— Ndiyo, alisema Fundi. Alikuwa nayo ya watu watatu.

Binti akacheka kule aliko, kicheko kifupi chenye mafua, na Fundi akangoja kiishe bila haraka.

— Weka ndogo, alisema. Vyumba viwili, vya jirani. Asubuhi nitakugongea.

— Nitathibitisha sasa hivi. Usibadilishe tena, baba.

— Sibadilishi.

Alipokata simu hakuja kijiweni moja kwa moja. Nahodha alitangaza kwamba kikao kimevunjwa kinyume cha sheria, ila kwa kuwa uamuzi umelingana na msimamo wake, hatakata rufaa. Kinyozi alisema ndogo ilikuwa hoja yake tangu mwanzo, jambo ambalo, kwa ajabu, lilikuwa kweli. Yule mama alikunywa kahawa yake taratibu, raba bado begani, na hakuna aliyethubutu kumweleza Fundi kwamba ana mteja. Fundi alibaki mlangoni akijifuta macho kwa mkono wa ovaroli, maana seremala wa jirani alikuwa anapiga msasa na vumbi lilikuwa limejaa kona yote. Hata Nahodha lilimwingia. Hata Kinyozi, ambaye amezoea nywele za watu machoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, na atakayebisha aje kijiweni. Ila lile la seremala nimelitia mimi. Kona yetu haina seremala.